Walokole wa Magitaa ya Kelele

Ule ubishi wa hosteli, kwamba gitaa likikoroma basi hapo kuna pepo, umenipeleka mbali. Nimefukua historia ya hevi metali ya kilokole (ndiyo, ipo!) nikakutana na Resurrection Band, kwa mkato Rez. Kizazi chetu hakiwajui kabisa.

Hawa jamaa walianzia Milwaukee, Marekani, mwaka 1972, enzi zile mahipi wanaokoka na nywele zao ndefu. Baadaye wakahamia Chicago. Glenn Kaiser anapiga gitaa na kuimba kwa sauti ya mikwaruzo, mkewe Wendi naye anaimba hadi mishipa ya shingo unaiona kwa masikio. Solo ni la Stu Heiss, na huyo ni fundi. Kwa walokole walikuwa na kelele mno, kwa watu wa dunia walikuwa na Yesu mno. Kampuni ikaja kuwatolea albamu mwaka 1978, Awaiting Your Reply.

Lakini kilichonifanya niandike ni albamu iliyofuata, Rainbow's End ya 1979. Humo kuna wimbo unaitwa Afrikaans, unaoushambulia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Afrikaans ndiyo lugha ambayo wanafunzi wa Soweto walikataa kulazimishwa kusomea, wakapigwa risasi Juni 1976. Sasa angalieni tarehe. Aprili 1979 makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, yule ambaye chuo cha ANC pale Mazimbu, Morogoro, kilibeba jina lake. Mwalimu wetu wa hapa Mwitongo alikuwa mwenyekiti wa nchi za mstari wa mbele. Peter Gabriel alikuwa bado hajatoa Biko, ule ulitoka 1980. Na kanisa kubwa la Makaburu, lenye kinanda chake kistaarabu kabisa, lilikuwa linatetea ubaguzi kwa Biblia ileile! Nani alikuwa na pepo hapo?

Halafu kuna hili la kuwachekesha watu wa Butiama: Rez waliishi ujamaa. Jumuiya yao, Jesus People USA, ilikaa pamoja mtaa wa Uptown, mapato mfuko mmoja, chakula pamoja, na kuhudumia wasio na makazi. Azimio la Arusha lenye magitaa, kama unataka.

Ila sisi tunaujua na upande wa pili wa ujamaa. Kwetu watu walihamishwa kwa nguvu kwenye Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, na wazee wanaokumbuka bado tunao. Kwao, mwaka 2014, mmoja wa waliokulia ndani ya jumuiya alitoa filamu ambamo watu waliolelewa pale wanasimulia kudhulumiwa kingono utotoni. Nilikuwa tayari nimeshawasifia nusu ya bweni nilipofika hapo... Wimbo naona bado ni mkali na bado ulisema kweli, lakini ile jumuiya siwezi kuisimulia kama paradiso.

Bendi ilivunjika mwaka 2000, Kaiser akaendelea na bluzi. Anayetaka kusikiliza Afrikaans aje chumbani na hedifoni zake, kwa spika jirani zangu wa kwaya wameshagoma.