Injini Iliyonyweshwa Maji: Habari za Oldsmobile Jetfire

Ninyi mlio katika madarasa ya watu wazima, na ninyi mnaosikiliza nyumbani, vuteni viti karibu. Juma lililopita tulieleza jinsi injini ya petroli inavyovuta pumzi. Leo tutasimulia habari za injini moja iliyozaliwa Marekani mwaka 1962. Ilisifiwa sana, lakini ilipofika mwaka 1965 kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ikiwaita wateja ili iwang'olee bure kile kifaa kilichokuwa fahari yake. Twataka kujua kwa nini.

Kwanza tukumbushane. Injini yala vitu viwili, petroli na hewa. Kuongeza petroli ni kazi rahisi. Kabureta yaweza kuimwaga hata ikafurika. Shida ni hewa. Pistoni ikishuka yavuta hewa kadiri ya nafasi iliyopo, wala haipati zaidi. Ukitaka nguvu zaidi, ama ujenge injini kubwa, ama uisukume hewa iingie kwa lazima. Mwaka 1905 fundi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi wake wa kuutumia moshi wa injini yenyewe kwa kazi hiyo. Moshi utokao silindani bado una joto na mwendo. Ukielekezwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, hulizungusha. Na kwa kuwa gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu la pili, lile la pili huisukuma hewa kuingia injini. Huo ndio mtambo uitwao turbo.

Mtambo huu ulijaribiwa kwa ajili ya ndege kabla ya kufika barabarani. Mwaka 1918 Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, aliipandisha injini ya ndege iitwayo Liberty hata kilele cha Pikes Peak katika Colorado, kiasi cha mita 4,300. Injini ile, ambayo huku chini ilitoa nguvu za farasi 350, kule juu ilibakiwa na 230 tu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Alipoifunga turbo ilitoa 356. Aliyepata kuupanda Kilimanjaro akahema njiani ataifahamu hesabu hiyo bila kufundishwa. Katika vita vya 1939 hata 1945, ndege za B-17 za Marekani ziliweza kuruka juu sana kwa msaada wa mitambo ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye magari. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa magari mawili ya petroli yenye turbo karibu wakati mmoja, nayo yalikuwa ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Moja ni Chevrolet Corvair Monza Spyder, na la pili ni Oldsmobile Jetfire, lililotoka katika mji wa Lansing, jimbo la Michigan. Kampuni mama ni moja, lakini mafundi wa idara hizo mbili walifuata njia mbalimbali kabisa. Sikilizeni tofauti yao, maana ndiyo kiini cha somo.

Injini ya Jetfire ilikuwa ya alumini, silinda 8 zilizopangwa kama herufi V, ujazo wa inchi 215, yaani lita 3.5. Turbo yake, iliyotengenezwa na Garrett AiResearch, ilikuwa ndogo, lakini iliweza kuzunguka mara 90,000 kwa dakika. Shinikizo la hewa halikuruhusiwa kupita ratili 5 kwa inchi ya mraba. Likifika hapo, mlango mdogo ulifunguka na kuupitisha moshi pembeni. Gari lile lile lenye kabureta ya matundu manne, bila turbo, lilitoa nguvu za farasi 185. Jetfire ilitoa 215. Nguvu za farasi 215 kwa inchi 215: hesabu hiyo ilivutia sana katika matangazo, na mimi nashuku kwamba matangazo hayo yaliwalemea mafundi katika kupanga mambo yao.

Kwa maana hapa pana mtego. Kila injini huibana hewa yake kabla ya kuiwasha. Jetfire iliibana mara 10.25, sawasawa na gari lile lisilo na turbo. Kubana sana huleta nguvu na kupunguza matumizi ya petroli, hata turbo isipofanya kazi. Lakini hewa iliyosukumwa na turbo huja tayari imeshikamana na ina joto. Ukiibana tena mara kumi, petroli haingoji cheche ya plagi. Mabaki yaliyo pembeni mwa silinda hulipuka yenyewe kwa ghafula, nawe utasikia mlio kama wa mtu anayepiga bati kwa nyundo. Mafundi wetu husema injini inagonga. Ikigonga kwa muda mrefu, pistoni hutoboka na ringi huvunjika.

Mafundi wa Corvair walikwepa hatari hiyo kwa kupunguza kubana mpaka mara 8 tu. Walipata nguvu za farasi 150 kutoka injini ya silinda 6 na inchi 145, wakaridhika. Wale wa Oldsmobile hawakukubali kupunguza. Badala yake waliinywesha injini maji.

Yawezekana wengine mmecheka, lakini jambo lenyewe si la mzaha. Maji yakinyunyizwa kidogo katika hewa iingiayo hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto jingi. Ndege za vita zilikuwa zimeitumia hila hiyo tayari. Oldsmobile waliweka katika gari tangi la kuchukua kiasi cha lita 4 na nusu na ushei, wakalijaza maji safi ya namna ya yale ya betri, yakachanganywa na spiriti ya methanoli na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Methanoli ilisaidia kupoza, tena ilizuia maji yasigande wakati wa baridi kali ya Michigan. Mchanganyiko huo uliuzwa kwa jina la Turbo-Rocket Fluid. Dereva alipokanyaga mafuta na turbo ikaanza kusukuma, shinikizo la turbo lenyewe liliupeleka mchanganyiko huo katika hewa ya injini. Tangi lilipokwisha, taa ya onyo iliwaka, na valvu ya usalama ikaizuia turbo isiendelee kusukuma.

Katika michoro, wasikilizaji, mpango huu hauna kasoro. Kasoro zilianza gari lilipofika mikononi mwa watu.

Mwenye gari wa siku zile alikuwa na desturi zake. Alijua kutia petroli, kupima oili, kutazama maji ya rediata, na kujaza upepo. Hakuwa amezoea kujaza tangi la tano, wala kituo cha petroli cha kando ya njia hakikuwa na kitu cha namna ile. Wengi waliliacha tangi likakauka. Basi valvu ya usalama ikafanya kazi yake, nguvu ikapungua, naye mwenye gari akarudi dukani kulalamika kwamba gari alilolipia zaidi ya dola 3,000 halikimbii. Fundi wa dukani naye alikuwa hajapata kufungua turbo ya gari maishani mwake. Kadhalika mpango mzima ulitegemea mipira na mabomba yasiyovuja hata kidogo, maana shinikizo likivuja mahali popote, maji hayafiki yanapotakiwa. Na turbo zenyewe zilikuwa na matatizo yao: shafti inayozunguka kwa kasi ile yategemea oili safi. Ukiizima injini ghafula ingali ya moto sana, oili iliyobaki huungua ikawa kama masizi, na shafti ikaanza kukwama. Jambo hilo lahusu hata gari la turbo ulilonunua mwaka huu likiwa limetumika Japani; baada ya safari ya kasi, iache injini iungurume taratibu kidogo kabla ya kuizima.

Mtu ataniuliza: je, wenye Jetfire hawakuambiwa? Waliambiwa. Wengi walioandika habari hizi wamewalaumu madereva kwa uvivu. Mimi sikubaliani nao. Anayemuuzia mtu gari la kwenda kazini na sokoni yampasa kujua jinsi watu wanavyoyatunza magari hayo, si jinsi angependa wayatunze. Corvair yenye turbo haikudai kinywaji chochote, nayo iliendelea kuuzwa hata 1966, wakati huo nguvu zake zikiwa zimefika 180. Jetfire iliachwa mwishoni mwa 1963, baada ya magari 9,607 tu. Mwaka 1965 wateja walialikwa kwenda kung'olewa turbo bila malipo na kufungwa kabureta ya matundu manne. Wengi walikwenda. Kwa hiyo Jetfire zilizo kamili zimekuwa adimu sana.

Shida ya kugonga haikwisha mpaka injini zilipopewa sikio. Mwaka 1978 Buick, ambayo ni ndugu ya Oldsmobile, ilitoa injini ya turbo ya silinda 6 yenye kifaa kidogo kinachousikia mlio wa kugonga na kuichelewesha cheche mara moja. Baada yake Saab wa Sweden, kwa magari yao ya 1982, waliongeza mpango wa kulipunguza shinikizo la turbo lenyewe kila injini ianzapo kugonga. Dereva hakujaza tangi lolote, wala hakuhitaji kujua kwamba kifaa hicho kipo.

Na ile injini ya alumini? Jack Brabham alishinda ubingwa wa dunia wa mashindano ya Formula One mwaka 1966 akiwa na injini ya Repco iliyojengwa juu ya bloki ya Oldsmobile. Ndugu yake, iliyotengenezwa na Buick kwa ujazo ule ule, iliuzwa kwa Rover wa Uingereza mwaka 1965, ikatiwa katika Range Rover tangu 1970. Wengi wenu mmeisikia ikinguruma katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam bila kujua asili yake. Idara ya Oldsmobile ilifungwa mwaka 2004, na mwaka huo Land Rover walikuwa wangali wakiitumia injini hiyo, bila turbo.

Juma lijalo tutazungumza habari za dizeli. Wenye madaftari wachore njia ya moshi na njia ya hewa katika turbo, kila moja kwa rangi yake. Kwaherini.