Uhuishaji: Sanaa inayoweza kuzinusuru ngano za Wagusii

MTOTO wa Kisii au Nyamira anaweza leo kutaja majina ya wahusika kumi wa filamu za katuni kutoka Marekani na Japan, lakini akashindwa kusimulia ngano moja ambayo nyanya yake aliisikia jikoni kando ya moto. Ngano hizo, ambazo kwa Ekegusii huitwa emegano, hazijapoteza utamu. Zilichokosa ni chombo cha kuzifikisha pale ambapo macho ya mtoto yapo siku hizi, yaani kwenye runinga na simu.

Uhuishaji ni chombo kimojawapo, na makumbusho ni mahali pafaapo kuujifunza. Makala haya yanaeleza sanaa hii ni nini, ilitoka wapi, imefanya nini Afrika Mashariki, na jinsi mihadhara na warsha zake zinavyoweza kuendeshwa katika kaunti hizi mbili.

Maana ya uhuishaji

Neno hili limetokana na kitenzi ‘huisha’, maana yake kutia uhai. Msanii huchora kitu au hukipiga picha kikiwa kimetulia. Kisha hukisogeza kidogo na kupiga picha nyingine, na nyingine tena. Picha hizo zikipitishwa kwa kasi mbele ya macho, mtazamaji huona kitu kinachotembea, kinachocheka au kinachoruka.

Zamani ilidhaniwa kwamba siri ya mambo haya ni picha kubaki machoni kwa muda mfupi. Wataalamu wa leo wanaeleza kwamba ubongo wenyewe ndio unaojenga mwendo kutokana na tofauti ndogo kati ya picha moja na inayofuata.

Kwa kawaida filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Wahuishaji wengi hutengeneza picha 12 tu na kuonyesha kila moja mara mbili. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ya hadithi huhitaji picha 720. Ndiyo maana sanaa hii hudai subira kuliko vifaa vya bei ghali.

Kutoka bakuli la udongo hadi jumba la nta

Hamu ya kuchora mwendo ni ya kale mno. Katika magofu ya Shahr-e Sukhteh nchini Iran kulipatikana bakuli la udongo lenye umri wa karibu miaka 5,000. Limezungushiwa michoro ya mbuzi anayeurukia mti ili ale majani yake, hatua baada ya hatua.

Katika miaka ya 1830, wanasayansi wa Ulaya walitengeneza visahani na mapipa madogo yenye nyufa. Mtu alizungusha pipa, akachungulia kwenye ufa, akaona farasi akikimbia. Mwaka 1877 Mfaransa Emile Reynaud aliboresha kifaa hicho kwa kutumia vioo. Tarehe 28 Oktoba, 1892, alianza kuwaonyesha watu wa Paris hadithi alizozichora kwa mkono kwenye utepe mrefu. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kufanya maonyesho yao mashuhuri ya sinema. Kumbukumbu ya siku hiyo ndiyo huadhimishwa kila Oktoba 28 kama Siku ya Kimataifa ya Uhuishaji.

Jambo la kuzingatia ni mahali alipofanyia maonyesho hayo. Hapakuwa ukumbi wa tamthilia, bali Musée Grévin, jumba la makumbusho lenye sanamu za nta. Kwa hiyo uhusiano wa uhuishaji na makumbusho haukubuniwa juzi. Ni wa tangu mwanzo.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma

Shirika la UNESCO liliendesha mafunzo yaliyoitwa Africa Animated!, kwanza Zanzibar mwaka 2004, kisha Nairobi mwaka 2005. Wasanii kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika walijifunza kuzigeuza hadithi za kwao kuwa filamu fupi za watoto.

Miaka michache baadaye, mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulitengenezwa jijini Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, nchini Uingereza na kwingineko. Ulikuwa na vipindi 52, vyote vikieleza asili ya tabia au maumbile ya wanyama. Mtindo wa michoro yake uliigwa kutoka kwa sanaa aliyoianzisha Edward Said Tingatinga jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Mnamo 2011, Kwame Nyong’o alitoa The Legend of Ngong Hills, filamu inayotokana na ngano ya Wamaasai. Naye Ng’endo Mukii, aliyevuma kwa Yellow Fever ya mwaka 2012, aliongoza Enkai katika mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa mwaka 2023.

Huenda mfano ulio karibu zaidi na haja ya Kisii na Nyamira ni wa Jean-Michel Kibushi wa Kongo. Yeye alianzisha studio ya kuhamahama na kufanya kazi pamoja na watoto. Filamu yake ya mwaka 1991, kuhusu chura aliyewatembelea wakwe zake, ilitokana na ngano ya Watetela. Mwaka uliofuata alitumia michoro ya watoto kusimulia ghasia na uporaji uliotokea Kinshasa Septemba 1991. Watoto hao walieleza kwa penseli mambo ambayo pengine wasingeweza kuyatamka.

Malighafi iko nyumbani

Wagusii wanayo malighafi ya sanaa hii. Huko Tabaka, mafundi huchimba jiwe laini la sabuni, wakalichonga, wakalisugua kwa msasa na maji hadi likang’aa. Vinyago vyao vya viboko, ndovu na watu husafirishwa ng’ambo. Kinyago cha jiwe ni kizito, hivyo hakiyumbi mpiga picha anapokisogeza. Ni kweli kwamba jiwe halipindi goti. Hata hivyo, fundi anaweza kuchonga vichwa kadhaa vya mhusika mmoja, kimoja kikicheka, kingine kikilia, navyo vikabadilishwa kati ya picha na picha. Viungo vinavyopinda vitatengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi au kwa waya uliofungwa nyuzi za mgomba.

Sauti nayo ipo. Obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye mvumo mzito, linatosha kubeba filamu nzima bila kuomba muziki wa mbali.

Aidha, kuna historia ambayo kamera haikuishuhudia. Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa utawala wa Kiingereza. Simulizi za Wagusii humtaja Moraa, mwanamke aliyewahimiza vijana kupinga utawala huo. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong, ilhali Wagusii waliadhibiwa vikali. Mwaka huohuo Emile Cohl alionyesha Paris Fantasmagorie, mojawapo ya filamu za kwanza kabisa za kuchorwa. Hakuna mkanda wa sinema unaomwonyesha Moraa akizungumza. Uhuishaji unaweza kumrudisha mbele ya wajukuu wake.

Jinsi ya kuendesha warsha

Mhadhara mzuri hauzidi nusu saa. Mwelekezi huanza na kadi ya duara yenye ndege upande mmoja na tundu upande wa pili. Kadi ikizungushwa kwa uzi, ndege huonekana ndani ya tundu. Kisha washiriki hutengeneza pipa lao la nyufa kwa karatasi ngumu, wakachora picha 12 za mtu anayetwanga au anayechuma majani chai.

Baada ya hapo huja hadithi. Mzee au nyanya husimulia kwa Ekegusii, naye hurekodiwa kwa ridhaa yake. Watoto hugawana matukio, huchonga au hukata wahusika wa karatasi, na kupiga picha kwa simu iliyofungwa imara ili isitikisike. Kundi la watoto watano likipata sekunde kumi, yaani picha 120, limefanya kazi ya siku nzima.

Gharama isiwe kisingizio. Programu ya Blender hutolewa bila malipo, nayo ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025.

Tahadhari moja ni muhimu. Msimulizi asifanywe kisima cha kuchotwa na kusahaulika. Jina lake liandikwe kwenye filamu iwapo ataridhia, rekodi yake ihifadhiwe nzima, na mapato yakipatikana, naye akumbukwe.

Wajibu ni wa nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti majukumu ya sinema, maonyesho ya video, maktaba na makumbusho. Yote hayo yamo katika kifungu kimoja. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kuhudumia eneo la magharibi, yako zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Kisii. Nauli pekee inatosha kumzuia mtoto wa mkulima asifike huko.

Si lazima kusubiri jengo kubwa. Chumba cha maktaba, darasa wakati wa likizo au banda la wachongaji vinaweza kuwa makumbusho ya siku moja, mradi pawe na vitu vya jadi vya kutazamwa, mjuzi wa kuvieleza na meza ya kufanyia kazi. Kisichoweza kusubiri ni wasimulizi. Kila nyanya anayezikwa kabla ya kurekodiwa huondoka na ngano ambazo hakuna picha 720 zitakazozirejesha.