Vilima vya Gombe na Visiki Vilivyo Hai

Mtu atokaye Kigoma kwa chombo na kufuata pwani kwenda kaskazini, mkono wake wa kulia huona vilima virefu vishukavyo hata majini. Mwendo wa maili kumi, naye yuko Gombe. Zamani miti ilifunika vilima hivyo kuelekea Burundi, na sokwe walipita humo wapendavyo.

Mwaka 1943 serikali ya Waingereza iliweka mpaka, ikaifanya Gombe kuwa pori la akiba. Mwaka 1960 alikuja Bibi Jane Goodall kuwachunguza sokwe, na mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa. Ndani ya mpaka miti ilisalia. Nje yake watu waliongezeka, wakaja na wakimbizi: wa Burundi mwaka 1972 na 1993, wa Kongo mwaka 1996. Kila nyumba yataka kuni, na kila mtoto ataka ugali. Mashamba yakapanda miteremko mikali, mvua ikachukua udongo na kuutia ziwani. Bibi Goodall alipopita juu kwa ndege mapema katika miaka ya 1990, aliiona Gombe kama kisiwa cha majani mabichi katikati ya vilima vitupu. Sokwe wake, waliokuwa yapata 150 katika miaka ya 1960, wamebaki yapata 100.

Mwaka 1994 ulianza mpango uitwao TACARE. Waliotumwa vijijini hawakuanza na habari za sokwe, bali waliwauliza wenyeji haja zao. Wakajibiwa: chakula, afya, shule. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa la busara kupita yote, maana mwenye njaa hamsikilizi mgeni amwambiaye habari za nyani. Basi wakaanzia hapo, kwa vitalu vya miche, mikopo midogo ya akina mama na masomo ya wasichana.

Kisha vikafuata vilima. Wengi wetu hudhani kuponya kilima ni kupanda miche tu. Lakini miti mingi ya miombo ikikatwa haifi. Mizizi yake hukaa hai ardhini, huchipua wakati wa mvua, na kila kiangazi moto huyaunguza machipukizi. Yakiepushwa na moto, jembe na shoka, baada ya miaka michache humpita mtu kwa urefu. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuacha, na kuacha ni kugumu: aliyezoea kulima mteremko ule alitakiwa kutafuta pengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji uwezo wa kupanga ardhi yao, na mikutano ya vijiji ikatenga misitu yao wenyewe, mingine ikipakana na Hifadhi.

Vijiji vikachagua walinzi wa misitu miongoni mwao. Hao hupita vilimani wakiwa na simu, wakiandika kila waonacho: mtego, kisiki kibichi, na pengine kiota cha sokwe juu ya mti.