Wazee wetu hawakuwa waoga wa kupima

Wiki hii bweni zima ni ubishi, eti ngoma ilienea Bongo kwa sababu wazazi wetu waliogopa kupima. Mi naona tunawaonea. Tuangalie miaka yenyewe.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Wakati huo kipimo cha VVU hakikuwepo popote duniani. Cha kwanza kilipata kibali Marekani mwaka 1985, tena lengo kubwa lilikuwa kuchunguza damu ya kuwaongezea wagonjwa. Kagera kwenyewe watu walishaupa ugonjwa jina, Juliana, na walimtambua mgonjwa kwa kukonda.

Haya, kipimo kikafika. Damu inapelekwa maabara, unasubiri majibu siku kadhaa, roho juu. Ukiambiwa unao, halafu? Mchanganyiko wa dawa ulioanza kuokoa watu Ulaya na Marekani mwaka 1996 ulikuwa na bei ambayo mshahara wa mwalimu wa hapa hauigusi. Ni kweli, kujua kungemsaidia mtu kumkinga mwenzake, na hilo si dogo. Lakini yeye mwenyewe alirudi nyumbani na habari ya kifo chake, na mtaa ukamnyooshea kidole.

Mambo yalibadilika Oktoba 2004, serikali ilipoanza kutoa ARV bure. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma wakapima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa. Wengi tunakumbuka zile picha. Ila rais angepima mwaka 1990, mwananchi angemfuata akapate nini? Mwaka 2007 dawa zilikuwepo, na vipimo vya haraka vilitoa majibu siku hiyohiyo. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, mtu akaruhusiwa hata kujipima mwenyewe.

Kwa hiyo swali linarudi kwetu. Majibu ni dakika chache, dawa ni bure, na anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wazee waliogopa kitu kisichokuwa na dawa. Sisi je?

Ijumaa mchana naenda kupima na jamaa wawili wa chumba cha jirani. Anayetaka kuungana nasi aseme mapema, twende pamoja.