Jembe Moja, Sahani Mbili

Vitabu vinavyoeleza habari za reli ya TAZARA havikosi kutaja urefu wake wa kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, wala ule mkopo usio na riba ambao China ilikubali kuutoa mwezi Septemba 1967. Habari isiyopewa nafasi ya kutosha ni ya wale watu wa mila tofauti kabisa ambao waliamka kila asubuhi, kuanzia 1970, wakafanya kazi pamoja karibu bila lugha ya kuelewana.

Ili tupime vema jambo hili, inafaa tukumbuke wazee wetu walichokijua juu ya kazi ya reli. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, na katika kazi za wakoloni aliyekuwa karibu na kibarua alikuwa mnyapara. Bwana mkubwa alitambulika kwa usafi wa nguo zake. Yeye alielekeza kwa kidole, mnyapara akapaza sauti, kibarua akainama. Waingereza walibadili mengi, lakini hilo hawakulibadili sana. Na tuseme kweli, hata baada ya Uhuru baadhi ya mameneja wetu wenyewe walikirithi kiti pamoja na tabia za aliyekikalia.

Wachina wakaja na desturi nyingine. Mwaka 1964 waziri mkuu wao, Zhou Enlai, alikuwa ametangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Mojawapo ilisema kwamba wataalamu wa China waishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, wasidai makuu. Basi kati ya Mlimba na Makambako, katika zile kilomita zipatazo 157 zilizohitaji madaraja 46 na mahandaki 18, vibarua walimwona fundi wa Kichina akishika sururu mwenyewe, akiingia matopeni, akibeba taruma begani. Alipotaka kufundisha alifanya kwanza yeye, kisha akampa mwanafunzi chombo, kisha akamsahihisha mkono. Chuoni tulikuwa tukiiita njia ya maonyesho, na tuliwahimiza walimu wanafunzi waitumie, nao wakarudi kwenye ubao na chaki mara tu mkaguzi alipoondoka!

Wakati wenyewe nao ulichangia. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Miaka miwili iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na mara nyingi hoja yao haikuwa mshahara hata kidogo, bali lugha chafu ya meneja. Kwa mtu wa siku zile, fundi mwenye matope magotini alikuwa hoja tosha.

Hata hivyo nisije nikawapamba kupita kiasi. Kazi yao ilikuwa ya kasi, mchana na hata usiku, na wako vijana walioiacha baada ya muda mfupi. Tena jioni ilipofika, kila upande ulikwenda kwake. Wachina walikuwa na kambi zao, bustani zao za mboga, na jiko lao. Hapo ndipo palipokuwa na tofauti kubwa kuliko lugha. Kwetu mtu hupimwa mezani, au tuseme mkekani. Ukilima na mwenzako kutwa nzima halafu ukaenda kula peke yako, atajiuliza amekukosea nini. Wengi waliona ni ubaguzi, tena wa namna ngeni, maana Mzungu alibagua kazini na mezani pia, lakini huyu alikuwa ndugu wa jembe tu.

Nadhani walikosea kusoma. Ile ilikuwa miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni huko China. Fundi yule hakuwa na uhuru wa kwenda atakako wala kujenga urafiki na amtakaye. Nidhamu ya kambi ilimbana yeye kabla haijamfungia mlango jirani yake. Lakini nani angemweleza kibarua wa Ifakara mambo hayo, na kwa lugha gani?

Ukosefu wa lugha uliacha na pengo lingine. Maonyesho humfundisha mtu namna ya kufunga nati. Hayamwambii kwa nini ifungwe hivyo. Wachina wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli kwa miaka kadhaa. Mia mbili kwa reli ya kilomita 1,860 si wengi. Reli ilipokabidhiwa Julai 1976, maelfu ya waliobaki walikuwa na mikono iliyofunzwa vizuri na maswali mengi yasiyojibiwa.

Septemba 2024 nchi hizo tatu zilitia saini tena huko Beijing, safari hii juu ya kuifufua reli hiyo. Mikataba hutaja fedha, injini na miaka. Nani atakula na nani hakuandikwi. Kule Gongo la Mboto wamelala Wachina zaidi ya 60, katika makaburi yao peke yao. Kila mwaka karibu na mwezi Aprili wenzao huenda kuwazuru, kwa kuwa ndio msimu wao wa kuwakumbuka wafu, na viongozi wetu nao huhudhuria. Hapo hapahitajiki mkalimani, kwani kuzuru makaburi ya wazee hata sisi tunakujua.