Ng'ombe hashiki mimba? Anza kwa kuhesabu siku

Swali la wafugaji wa Ihanda na vijiji jirani hapa Mbozi ni lile lile: ng'ombe amehimilishwa mara mbili, mara tatu, na bado hashiki mimba. Wengine husema ni tasa, wengine husema kuna mkono wa mtu, na mwisho anapelekwa mnadani. Mara nyingi ng'ombe huyo ni mzima kabisa. Kilichokosewa ni saa, na saa hiyo inapangwa na homoni.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kusafiri kwenye damu mpaka kiungo kingine, ambako huwasha au kuzima kazi fulani. Jina hilo alilitumia Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Ndiyo maana wengine huziita vichocheo.

Chukua jike asiye na mimba. Ubongo huamuru tezi ndogo iliyo chini yake, nayo tezi hutuma homoni kwenye ovari ili yai likomae. Kifuko cha yai linalokomaa hutoa estrojeni kwa wingi. Hiyo ndiyo inayomfanya alie ovyo, apande wenzake, apunguze maziwa na atoe ute mwangavu unaovutika. Lakini dalili ya kuaminika ni moja: anasimama na kutulia anapopandwa. Kupanda wenzake peke yake hakutoshi.

Joto hilo hudumu kama saa 12 hadi 18. Kwa ng'ombe wetu wa kienyeji huwa fupi zaidi, na mara nyingi huja usiku, sisi tumelala. Yai hutoka saa 10 hadi 12 hivi baada ya joto kuisha, na likishatoka huishi saa chache tu. Kwa hiyo ukimwona asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, mwite mhimilishaji afike kesho yake asubuhi. Mbegu zinazozalishwa kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Zimetunzwa hivyo safari nzima, halafu zinapotea kwa sababu simu ilipigwa siku ya pili.

Pale yai lilipotoka huota uvimbe mdogo wa njano unaotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Mimba isipotunga, karibu siku ya 17 kizazi hutoa prostaglandini, ule uvimbe unayeyuka na jike hurudi kwenye joto siku ya 18 hadi 24, wengi siku ya 21. Mbuzi na nguruwe nao hawako mbali na hapo. Andika tarehe ukutani au kwenye simu. Joto moja likikupita, umemlisha wiki tatu bure.

Ukiona damu kidogo mkiani, si lazima mimba imetoka. Mara nyingi ni dalili kwamba joto lilipita siku moja hadi tatu nyuma, estrojeni ikashuka. Usimhimilishe siku hiyo. Hesabu kama siku 19 mbele, uwe macho.

Sasa kuna sindano ya kuleta joto, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Nyingi ni prostaglandini ileile, na kazi yake ni kuyeyusha ule uvimbe wa njano. Kama uvimbe haupo, sindano haina cha kufanya. Ng'ombe aliyekonda wakati wa kiangazi, ubongo wake umeshapunguza amri za uzazi ili kuokoa mwili. Huyo anahitaji malisho, pumba na madini kwanza. Na kama ana mimba changa usiyoijua, sindano hiyo itaitoa. Lazima apimwe kabla. Dawa yenyewe hupenya kwenye ngozi, hivyo mama mjamzito au mwenye pumu asiishike hata chupa. Asikuchome mtu aliyeinunua tu dukani. Mwachie daktari wa mifugo.

Maziwa nayo yana homoni yake. Kumwosha na kumpapasa kiwele huleta oksitosini inayosukuma maziwa kwa dakika chache tu, basi kamua bila kusitasita. Fimbo na kelele za mbwa huleta adrenalini, na maziwa yanabanwa.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Ng'ombe akizaa mapacha dume na jike, yule jike mara nyingi, zaidi ya 9 kati ya 10, hatazaa kamwe. Damu zao zilichanganyika tumboni, na homoni za dume zikazuia viungo vya uzazi vya jike kukua. Ukiuziwa mtamba wa bei rahisi, muulize mwenye nao kama alizaliwa peke yake.