Mzee na kadogo: historia fupi ya heshima kwa wazee katika Ituri

BUNIA. Kuanzia Mudzipela mpaka Nyakasanza, wazazi wana lalamiko moja: vijana hawasalimu tena. Kijana anapita na moto yake karibu amguse mzee, na hata "jambo baba" hasemi. Wengi wanasema ni simu na muziki vilivyoharibu watoto. Lakini tukiifuata historia ya jimbo letu, tutaona kwamba shida hii ilianza kabla ya simu, na kwamba heshima kwa mzee haikuwa salamu peke yake. Heshima hiyo ilikuwa na kazi.

Tuanze na salamu yenyewe. Wahema, Walendu, Waalur, Walugbara, Wabira, Wandokebo, Wanyali, Wambuti na wengine, kila kabila lina desturi yake, ila zinafanana. Mtoto hamwiti mzee kwa jina; anasema baba, mama, au mama wa fulani. Anatoa mkono wa kuume huku wa kushoto umeshika kiwiko. Anavua kofia, anaachia kiti. Kwa Waalur na Walugbara, msichana anapiga magoti akipeleka chakula au maji. Kwingine duniani ni hivyo hivyo. Huko Ufilipino mtoto huchukua mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso wake. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya wanasema shikamoo, yaani nashika miguu yako, na mzee anajibu marahaba.

Sasa kazi yake. Mwingereza John Middleton, aliyeandika kitabu juu ya Walugbara mwaka 1960, alieleza kwamba mzee wa ukoo ndiye aliyetunza mahali pa kutolea sadaka kwa mababu. Kijana mkaidi aliogopa kwamba mzee akiwalalamikia mababu, ugonjwa utamfuata. Kwa upande wa Mahagi, Aidan Southall aliandika mwaka 1956 jinsi jirani za Waalur, wakiwemo Walendu na Wandokebo, walivyokwenda kuchukua mtoto wa sultani wa Waalur aje kukaa kwao, ili awakatie maneno na damu isimwagike. Hawakufuata bunduki huko. Walifuata mtu ambaye neno lake lingesikiwa na pande zote mbili.

Kazi nyingine ilikuwa kukumbuka mipaka. Nani alilima wapi, mto upi unagawa, nani alipewa sehemu kama mgeni: yote hayo yalikuwa ndani ya kichwa cha mzee. Ugomvi ukitokea, watu walikaa kwenye barza, wazee wakasema, mambo yakaisha.

Serikali iliipunguza kazi hiyo polepole. Wabelgiji waliweka masultani na makapita wa kuandikisha kodi na kazi za lazima, na wengine walipewa cheo kwa sababu walimtii Mzungu, si kwa sababu watu waliwaheshimu. Mobutu naye, katika siasa yake ya authenticité, aliamuru watu wote waitane citoyen na citoyenne. Lakini kilichoumiza zaidi ni sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Ardhi yote ikawa mali ya serikali, na mwenye karatasi ya ofisi akawa na nguvu kuliko mwenye kumbukumbu. Mzee aliweza kuonyesha kaburi la babu yake katikati ya shamba, na bado akashindwa. Vita ilipowaka Djugu mwaka 1999, ugomvi wa mashamba ndio uliokuwa cheche yake.

Kabla ya hapo, mwisho wa mwaka 1996, askari wa AFDL walikuwa wameingia Bunia. Waliingia na maneno mawili ya Kiswahili ambayo nchi nzima iliyajua: Mzee, ndiye Laurent-Désiré Kabila, na kadogo, ndiye mtoto mwenye bunduki. Kati ya 1999 na 2003 makadogo walijaa katika vikundi vya silaha vya Ituri. Kwenye vizuizi vya barabarani ni mzee aliyeinama, ni mzee aliyesema "shefu" kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Vita hiyo iliua watu zaidi ya 50,000. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuingiza jeshini watoto walio chini ya miaka 15, na baadaye ikampa kifungo cha miaka 14.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Makadogo hawakujiingiza wote peke yao. Wako wazee waliohimiza jamaa kutoa ng'ombe, feza au mtoto kwa ajili ya vita. Mzee aliyemtuma mtoto kuua hawezi kushangaa mtoto huyo akirudi bila heshima.

Wako pia waliofanya kazi ya wazee wa zamani. Mwezi wa Aprili 2003, Tume ya Kutuliza Ituri ilikutana hapa Bunia, na Mama Pétronille Vaweka akachaguliwa kuongoza baraza la muda. Mwezi uliofuata mji ukawaka tena, mpaka jeshi la Ulaya likaja mwezi wa Juni. Mama huyo aliendelea kuzungumza na watu wenye silaha.

Tangu mwisho wa 2017 vita imerudi Djugu. Katika kambi ya Kigonze yuko mzee aliyeacha shamba, makaburi na barza yake. Hana mpaka wa kumwonyesha mjukuu. Mjukuu atajifunza heshima gani kwa mtu ambaye kazi yake yote imebaki nyuma?

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulikatazwa kushikana mikono, na wazee hawakukosa heshima kwa sababu hiyo. Alama inaweza kubadilika. Kisichoweza kubadilika ni kazi ya mzee: kukumbuka bila kudanganya na kukata maneno bila upendeleo. Tuwaombe vijana wasalimu, ndiyo. Lakini tuwaombe pia wazee wetu, wa makabila yote, wakae tena kwenye barza moja na kuwakataza watoto wao silaha kwa sauti ile ile. Kijana akisikia hilo, kiti ataachia mwenyewe.